Mbeleko kwa Mzazi Mpya

Mazungumzo ya jioni hii nimekusudia kuyaelekeza hasa kwa wale waliojaaliwa mtoto wa kwanza, au wanaomtarajia, na ambao katika siku zile za kutayarisha nguo ndogo ndogo, beseni na mafuta ya nazi, wameulizana swali ambalo bibi zetu hawakuwa na haja nalo: mtoto huyu tutambeba kwa kitu gani?

Bibi zetu hawakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu jawabu lilikuwa limekunjwa sandukuni kabla ya mimba kuonekana. Lilikuwa ni leso, au kanga kama wanavyosema ndugu zetu wa Unguja na Mrima, au kaniki iliyovaliwa na kufuliwa hata ikawa laini. Na heshima ya nguo hiyo ilikuwa kubwa hata ikaingia katika ada za arusi za pwani, ambapo mama wa bibi arusi hupewa ubeleko miongoni mwa haki zake, iwe ni shukrani kwa mgongo uliomlea binti yule. Leo mambo yamepanuka. Ukipita madukani Kariakoo ya Dar es Salaam au katikati ya mji wa Nairobi utaonyeshwa kibebeo cha mikanda na bizimu za plastiki, kitambaa kirefu cha kuzungusha mwilini, kitambaa chenye pete mbili begani, na kibebeo chenye kiti cha kiunoni, na bei zake zimepishana kwa kadiri ambayo mzazi mpya, aliyekwisha lemewa na gharama za uzazi, husimama mbele ya vitu hivyo asijue aanzie wapi, na mwishowe huchukua kile alichosifiwa na muuzaji.

Basi tuanze kwa kuulizana: mtu anaponunua mbeleko, hununua nini hasa? Wengi hununua rangi, wengine hununua jina la kampuni, na wapo wanaonunua kwa kuwa jirani anacho. Mimi nasema, na neno hili nitalirudia, kwamba mbeleko hupimwa kwa mkao wa mtoto aliyemo ndani yake. Mtoto akikaa vyema, leso kuukuu ni mbeleko njema; asipokaa vyema, hata kibebeo kilichomeza nusu ya mshahara wa baba ni kitu kibaya. Na mkao mwema una alama zake, ambazo mzazi yeyote aweza kuzitazama kwa macho yake mwenyewe bila ya kuwa tabibu.

Alama ya kwanza ni pumzi. Mtoto mchanga, wasikilizaji, ana kichwa kizito kuliko shingo yake inavyoweza kustahimili, na shingo hiyo haipati nguvu ya kukishika kichwa barabara mpaka atimize kadiri ya miezi minne. Na njia yake ya hewa nayo ni nyembamba na laini. Kidevu chake kikiangukia kifuani, njia ile hujikunja, hewa ikapungua, naye hana nguvu za kuinua kichwa wala hana pumzi ya kulia, kwa hiyo hufikwa na madhara kimya kimya, huku mbebaji akidhani kuwa mwana amelala usingizi wa raha. Hatari nyingine, iliyo ndugu ya hiyo, ni pua na mdomo kuzibwa na nguo, au na ziwa, au na kifua cha mbebaji mwenyewe. Mwezi wa Machi 2010 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo la hadharani juu ya mbeleko za kutundika begani, zikiwemo za namna ya mfuko, zile za kumlaza mtoto kwa kujikunja upande wa kiuno cha mama, baada ya kuhesabu vifo visivyopungua 14 vya watoto katika muda wa miaka 20, ambavyo takriban vyote vilikuwa vya watoto wasiotimiza miezi minne. Na mwezi huo huo kampuni moja ya huko ililazimika kuomba mifuko yake yapata milioni moja irudishwe.

Je, mzazi afanyeje? Mtoto na awe wima, kifua chake kikikabili kifua chako. Uso wake uuone bila ya kufunua kitu chochote. Awe juu kiasi ambacho ukiinamisha kichwa kidogo unambusu utosini. Na baina ya kidevu chake na kifua chake pawe na nafasi ya kupita vidole vyako viwili. Ukishamnyonyesha ndani ya mbeleko, jambo ambalo ni jema na la stara, mtoe ziwani umwinue tena akae wima kama alivyokuwa, usimwache pale pale akalala. Narudia, kwa kuwa ndilo lililo kubwa kuliko yote nitakayoyasema leo: wima, uso unaonekana, kidevu kimeinuka.

Na hapa niseme neno kwa ndugu zetu wa bara, wa Limuru, wa Njombe na wa Lushoto, ambako asubuhi za mwezi wa Julai baridi huingia mifupani: najua kuwa mapenzi ndiyo yanayowafanya mumfunike mtoto gubigubi, kichwa na vyote, chini ya blanketi zito juu ya mbeleko. Mvisheni kofia na soksi, mfunikeni mgongo na miguu, lakini uso uacheni nje. Kwetu pwani taabu ni kinyume chake, maana katika siku za kaskazi miili miwili iliyobanana hutoana jasho, na mtoto aliyevikwa nguo tatu ndani ya kibebeo kizito hupata joto la kumdhuru kabla mama hajang'amua. Shingo ya mtoto ikiwa imelowa na ya moto, mpunguze nguo.

Alama ya pili ni miguu. Mtoto anapozaliwa, kikombe cha nyonga, yaani lile tundu ambalo ndani yake huzunguka kichwa cha mfupa wa paja, bado sehemu kubwa ni gegedu laini, nalo hupata umbo lake la kudumu katika miezi ya mwanzo kwa kadiri ya namna miguu inavyokaa. Miguu ikikaa imepanuka na kukunjwa, kichwa cha mfupa hukaa katikati ya kikombe chake na kikombe hukua kikiwa cha mviringo. Ikinyooshwa na kubanwa pamoja kwa muda mrefu, mfupa huweza kusogea ukingoni. Wanavyuoni wa tiba waliliona jambo hili kwa watu wa kabila la Navajo wa Marekani, ambao zamani walikuwa wakiwafunga watoto katika ubao miguu ikiwa imenyooka, na maradhi ya nyonga yakawa mengi kwao. Walioliona kwa upande wa pili ni madaktari wa hospitali ya mifupa mjini Blantyre, Malawi, ambao mwaka 2015 waliandika, baada ya kupitia kumbukumbu zao za miaka kumi, kwamba maradhi hayo ni nadra mno kwa watoto wa huko, wakaona kuwa desturi ya kumbeba mtoto mgongoni, miguu imekumbatia kiuno cha mama, huenda ndiyo moja ya sababu.

Sasa tazama kibebeo dukani. Kile kitambaa anachokalia mtoto, upana wake ni kadiri gani? Kikitoka nyuma ya goti moja kikafika nyuma ya goti la pili, mapaja yote yakabebwa, magoti yakawa juu kuliko makalio, basi ni kizuri. Kikiwa kimepita kati ya miguu tu, mapaja yakaning'inia, ni chembamba. Sisemi kwamba kibebeo chembamba humlemaza mtoto mwenye nyonga salama, kwa maana hilo halijathibitishwa. Nasema kwamba maadamu fedha utaitoa, itoe kwa kile kinachomkalisha vizuri, na ikiwa kwenu kuna aliyewahi kuwa na maradhi ya nyonga, au mtoto alizaliwa akiwa ametanguliza makalio, hilo usilifanyie mzaha.

Niruhusuni sasa nikae kidogo juu ya leso, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nasi, na ndiyo inayodharauliwa na vijana wetu wa leo, wanaoiona kuwa ni ya watu wa shamba. Leso njema kwa kubelekea ni ya pamba tupu, tena iliyokwisha fuliwa hata dondo lote likatoka, kwa maana leso mpya ni ngumu na fundo lake huteleza; na hizi za poliesta zinazouzwa siku hizi kwa bei ya chini, hata ziwe na mji wa kupendeza na jina la hekima namna gani, hazishiki fundo wala hazipitishi jasho, kwa hiyo zivaeni arusini, mtoto msimfungie. Kitenge cha pamba cha yadi mbili ni kizito kidogo kuliko leso na humfaa mtoto aliyekwisha kuwa na uzito.

Mtazameni mama mzoefu anavyofanya, maana kazi hii ina ustadi ambao hauonekani kwa kuwa wenye nao huufanya upesi. Huinama mpaka mgongo ukalala sawa, humpandisha mtoto kutoka ubavuni huku mkono mmoja haujamwacha, na miguu ya mtoto hupanuka yenyewe ikakumbatia kiuno. Leso huirusha juu yake kwa upana, pindo la juu likafika mabegani mwa mtoto na pindo la chini likavuka makalio. Kisha ncha mbili za juu huzipitisha chini ya makwapa, huzivuta zikakutana juu ya matiti, akazikaza fundo. Wanaojifunza aghalabu huishia hapo, na ndiyo sababu mtoto wao huteremka kidogo kidogo mpaka akaning'inia kiunoni. Mzoefu bado ana kazi. Hulishika pindo la chini kwa mikono miwili, hulipenyeza chini ya makalio ya mtoto mpaka nyuma ya magoti, hujitikisa mara moja ili mtoto akae kitako ndani ya nguo, ndipo anapozikaza ncha za chini tumboni kwa fundo la pili, na baada ya hapo tu husimama wima. Siri yote ya leso imo katika lile pindo la chini na fundo lile la pili, na ukiwa na doti nzima, leso ya pili ukaifunga juu ya ya kwanza, chini ya makalio, mtoto hapati pa kuponyokea.

Asiyejua na ajifunze vipi? Chukua mfuko wa unga wa kilo mbili, au mto uliojazwa nguo ukapata uzito, uufunge na kuufungua mara kwa mara mpaka mikono izoee. Kisha mtoto mwenyewe umfunge ukiwa umeinama juu ya kitanda, na mtu wa pili amesimama nyuma yako. Mwite bibi yako, mwite shangazi, mwite somo yako. Hakuna duka litakalokufunza kama wao.

Lakini kuna jambo moja ambalo nitatofautiana na bibi zetu, kwa heshima na taadhima zote. Najua wapo wanaomtia mjukuu mgongoni mara tu arobaini ikishatoka, na wamelea watoto wengi kwa namna hiyo, na hesabu yao siwezi kuikana. Mimi namshauri mzazi mpya, ambaye mikono yake bado haina tajriba ile, asimtie mtoto mgongoni mpaka shingo iwe imekaza, kwa sababu mtoto aliyeko mgongoni humwoni, na mambo yote niliyoyataja juu ya kidevu na pua yanataka macho. Kabla ya hapo abebwe mbele, leso ikipita begani upande mmoja na chini ya kwapa upande wa pili, na mkono wako mmoja usimwache.

Na wale wanaodhani kuwa kibebeo cha mikanda ni maarifa ya kizungu yaliyokuja kutustaarabisha, na waisikilize hadithi hii, ambayo ni ya kweli. Mwanamke mmoja muuguzi wa Marekani, jina lake Ann Moore, alikwenda Togo katika miaka ya mwanzo ya 1960 pamoja na wafanyakazi wa kujitolea wa nchi yake, akawaona akina mama wa huko wakienda sokoni na shambani watoto wamefungwa migongoni kwa vitambaa, watulivu, hawalii kama alivyozoea kuwasikia watoto wa kwao. Aliporejea kwao na kujifungua binti, alijaribu kumfunga namna ile ile, lakini mtoto alikuwa akimteremka, ndipo alipomwomba mama yake, Lucy Aukerman, amshonee mfuko wenye mikanda ya mabegani, na majirani walipouona wakautaka na wao. Mwaka 1969 akapewa hataza ya serikali, na kibebeo hicho kikauzwa kwa jina la Snugli. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Erika Hoffmann, aliyekuwa na watoto pacha, alianza kuwabeba kwa kitambaa cha wanawake wa Meksiko, akaishia kufungua kampuni ya vitambaa virefu vya kubebea. Na kile kitambaa cha pete mbili kilianzia Hawaii mwaka 1981, kwa mwanamume mmoja, Rayner Garner, aliyetaka kumsaidia mkewe. Kwa hiyo anayefunga leso asijione duni mbele ya mwenye bizimu, maana huyo wa pili amejifunza kwa huyu wa kwanza.

Je, kibebeo cha mikanda hakina faida? Kina faida, tena kubwa kwa baadhi ya watu. Uzito wa mtoto hugawanyika baina ya mabega mawili na kiuno, kwa hiyo anayetembea mwendo mrefu, au mwenye mgongo dhaifu, hupata nafuu. Mikono yote miwili huwa huru. Na asiye na ustadi wa kufunga nguo hukaza mikanda tu, akasikia bizimu zinalia, akajua zimeshika. Sharti zake ni mbili. Asome karatasi yake ajue uzito ambao kibebeo kimetengenezewa, kwa maana vingi havimfai mtoto mchanga bila ya kitu cha kumwinua ndani; na asimgeuze mtoto kutazama mbele kabla shingo haijakaza, na hata baadaye kwa muda mfupi tu, kwa sababu mtoto aliyegeuzwa hana mahali pa kulaza kichwa anaposinzia.

Wengi wetu vibebeo hivi huvipata mitumbani, Kongowea, Gikomba au Karume, na si aibu, vingine ni vizuri kuliko vipya vya bei rahisi. Ila vitazame kwa makini. Funga kila bizimu, uvute kwa nguvu zako zote, ufungue, urudie. Bizimu ikiwa imepasuka hata kwa ufa mwembamba, kiache kibebeo hicho. Pindua kibebeo nje ndani, utazame pale mkanda unaposhikana na kitambaa, maana hapo ndipo panapobeba uzito wote: nyuzi zikiwa zimeanza kuachana, au kitambaa kimepauka kwa jua na kulegea, usidanganyike na usafi wake. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona tena mshono, lakini bizimu iliyolegea haitengenezeki.

Kitambaa kirefu kinachovutika, kile cha kuzungusha mwilini mara mbili tatu, ni kizuri kwa mtoto mchanga wa sehemu za baridi, na kwa Mombasa ya mwezi wa Februari ni adhabu. Cha pete ni chepesi kumtia na kumtoa mtoto, ila bega moja huchoka. Na kile cha kiti cha kiunoni kimwachieni mtoto anayekaa mwenyewe.

Kuna watoto ambao kwao mbeleko ni dawa, nao ni wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Mwaka 1978, katika hospitali moja mjini Bogotá, nchini Kolombia, ambako vitanda vya kuwatia joto watoto njiti vilikuwa haba, daktari Edgar Rey Sanabria aliwafunga watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na hivyo ikaanza njia tunayoiita ya kangaruu. Shirika la Afya Duniani lilipoongoza utafiti katika nchi za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2021, ilionekana kuwa watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungua kufa kwa kadiri ya robo, wakilinganishwa na wale waliongojewa kwanza mpaka hali zao zitulie. Chombo kinachohitajika kwa kazi hiyo ni kitambaa safi na kifua cha mtu, chini ya uangalizi wa wauguzi. Mama anayeambiwa wodini amfunge mwanawe kifuani asidhani kuwa ananyimwa matibabu. Hayo ndiyo matibabu.

Sasa nataka kusema na akina baba. Mke aliyejifungua kwa upasuaji ana mshono tumboni ambao huchukua majuma kadhaa kupona, na mkanda wa kiuno wa kibebeo hukaa juu ya mshono ule ule. Hata aliyejifungua kwa njia ya kawaida, nyonga na mgongo wake bado vinatafuta nguvu zake. Katika majuma hayo ni nani mwenye mgongo mzima nyumbani? Kifua cha baba hakina tofauti kwa mtoto: kina joto, kina mapigo ya moyo, na kina sauti aliyoizoea tangu tumboni. Utafiti mmoja wa mjini Montreal, uliotangazwa mwaka 1986, uliona kwamba watoto waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata walipokuwa wametulia, walilia kwa uchache sana walipofikia wiki sita. Basi mwanamume anayelalamika kuwa hapati usingizi kwa kilio cha mtoto na ambebe magharibi, amzungushe uani. Akiona haya kufunga leso, kibebeo cha mikanda kina faida hapa, kwa kuwa hurefushwa na kufupishwa kikamfaa mke na mume. Ila mimi natamani haya hiyo iondoke, maana sioni aibu iliyomo katika mtu kumbeba mwanawe.

Kabla sijamaliza niguse habari ya jikoni na ya njiani. Jikoni mtoto asiwe mbele yako. Aliyekwisha kaza shingo na awe mgongoni, na ukikaanga kwa mafuta ya moto au ukiteka maji yanayotokota, mpe mtu mwingine hata kwa dakika hizo chache. Ukipanda daladala au matatu saa za msongamano, mtoe mgongoni kabla hujapanda, umlete mbele, kwa sababu mlangoni wanaokusukuma hawamwoni, nawe humwoni. Ndani ya gari dogo hakuna mbeleko, ya leso wala ya mikanda, inayomlinda mtoto gari likigongana. Hicho si kiti cha gari, na mtoto afungwe katika kiti chake. Ama bodaboda, nasema waziwazi kwamba si chombo cha kumpakia mtoto mchanga, awe mgongoni, awe kifuani, au awe kati yako na dereva.

Basi mzazi mwenye fedha chache anunue nini? Anunue doti moja ya leso ya pamba, aifue, ajifunze kuifunga kwa mtu anayejua; hiyo yatosha tangu siku ya kwanza mpaka mtoto atembee. Mwenye wasaa, na anayetaka mumewe ashiriki, aongeze kibebeo cha mikanda chenye kikalio kipana, akichague akiwa na mtoto mwenyewe dukani, amtie ndani, amtazame uso na magoti kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali mtoto apimwe, mwache na mali yake.

Na ombi langu la mwisho ni kwa wenye ile mbeleko ya namna ya mfuko, ya kumlaza mtoto akajikunja kiunoni, ambayo huenda ililetwa na jamaa kutoka ng'ambo au ilinunuliwa katika robota la mitumba, na sasa imehifadhiwa kabatini ikingoja mtoto wa ndugu. Msiiuze, na msimpe mtu kwa nia njema. Ikateni mikanda kwa mkasi kwanza, kisha muitupe, ili asije mwingine akaiokota na kuitumia.